Kigango Tulichopikia Uji

Ukipita Malindi upande wa wachonga vinyago, pale wanapokaa kwenye vibanda vyao wakipasua magogo tangu asubuhi, utaisikia harufu moja tamu ya mbao iliyokatwa sasa hivi. Hiyo ni muhuhu. Wageni huipenda. Husimama, wakavuta pumzi, wakauliza bei ya twiga. Mimi ikinifikia puani hutafuta njia ya kuikimbia. Sipambi maneno, jamani. Siku moja nilimwachia mama wa watu kikapu changu cha nyanya mkononi, nikavuka barabara nikaketi chini mpaka jasho likanikauka. Yule mama akadhani nina mimba. Nikamwacha adhani hivyo, maana ningemweleza ukweli angenitazama vibaya zaidi.

Nyinyi nitawaeleza, lakini msinihukumu kabla sijamaliza. Nilikuwa na miaka kumi, na miaka yenyewe ilikuwa ile ya themanini. Kwetu ni Magarini. Si Magarini ya madukani, bali kule chini ambako mashamba yanateremka mpaka yanakutana na Mto Sabaki. Nyumbani tulikuwa wanne: mama, mdogo wangu Charo, wa miaka mitatu, mwenye kitovu kikubwa na sauti kubwa kuliko kitovu, mimi Kadzo, na Hawe. Kwetu Wagiriama hawe ni bibi, na huyu alikuwa mamake baba. Baba mwenyewe alikuwa Marereni, kibarua wa chumvi, akija nyumbani mwisho wa mwezi na midomo iliyopasuka.

Hawe alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, mvuta ugoro, na alivaa hando lake la marinda mpaka siku alipokufa. Ukimwamkia kwa sauti ndogo alikuuliza kama umemeza chura. Ila Charo alikuwa jicho lake. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na mtoto alipolia Hawe alimlaumu mama hata kama mama alikuwa shambani.

Mwaka huo mto ulitoka. Watu wengi hudhani mafuriko huja kwa kishindo. Kwetu yalikuja kimya, alfajiri, na nilichokisikia mimi ni kuku. Kuku walikuwa juu ya paa wakilalamika, na nilipoteremsha mguu kitandani niliukanyaga mto. Mama alimweka Charo mabegani, Hawe akabeba mfuko wa ugoro na jogoo mmoja, mimi nikashika leso ya mama, tukapanda mpaka shuleni kule juu. Tulikaa darasani siku sita, familia kumi na moja, tukilala chini ya ubao ulioandikwa hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta.

Siku ya saba tukarudi, na hapo ndipo woga wangu ulipoanza, kwa maana wakati wa maji yenyewe sikupata nafasi ya kuogopa. Kila kitu kilikuwa na rangi moja, rangi ya matope, na kila kitu kilinuka. Nyumba ilisimama kwa kuta tatu. Chumbani kwetu kulikuwa na kambare aliyekufa, amevimba, na inzi wamemfunika. Sufuria kubwa ya mama tuliiona juu ya mkorosho wa jirani, imekaa vizuri kana kwamba kuna mtu aliyeipandisha. Mama alitangulia na fimbo akigonga kila kitu kabla hatujakigusa, maana mto ulikuwa umewaletea nyoka makao mapya. Alimtoa mmoja kwenye makuti, mwingine ndani ya mtungi. Mimi nilitembea nikiinua miguu juu, na kila matope yaliponivuta unyayo nilipiga yowe.

Hawe hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, penye koma ya babu.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: mtu akifa, huenda baada ya miaka akamjia mmoja wa nyumbani katika ndoto na kulalamika kwamba ana baridi, hana pa kukaa. Basi huchongewa kipande cha mti, kikasimikwa pale nyumbani, kikawa ndicho makao yake. Mtu wa kawaida, kama babu yangu, hupata kigingi kifupi tu, ndicho tunachokiita koma. Lakini mzee aliyeingia katika chama cha wakubwa, Gohu, huchongewa kigango, kirefu kama mtu, chenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu kifuani, na huvishwa vitambaa. Hakiguswi na hakihamishwi. Ukihama, wewe nenda, yeye mwache hapo hapo. Hayo nimeyajua tangu nikiwa mgongoni.

Babu alikuwa amesimama, matope yamemfika shingoni. Hawe alipiga magoti akamfukua kwa mikono, akamfuta kwa leso yake mwenyewe, ile nzuri. "Wamekulowesha, mume wangu," akamwambia. "Vumilia. Hata sisi tumelowa."

Chakula hakikuwa shida kubwa, maana tulipewa unga kule shuleni. Shida ilikuwa moto. Hapakuwa na ukuni mkavu hata mmoja. Vifuu vya nazi, makumbi, boriti kuukuu ambazo baba alikuwa akizitunza, vyote vilikwenda na maji, na kilichobaki ukikikamua kilitoa tope. Siku mbili tulikoroga unga kwa maji baridi tukaunywa. Charo aliutema. Siku ya tatu mama, macho yamemwingia ndani, aliniambia, "Kadzo, leo usirudi bila kuni. Sitaki kusikia habari nyingine."

Basi nikashuka mahali ambapo mto ulikuwa umeacha takataka zake. Ulikuwa mstari mrefu wa vitu vya watu: migomba, milango, mbuzi aliyekufa, ndala moja moja. Watoto wote wa upande wetu walikuwa pale wakichokoa. Sheria yetu ilikuwa nyepesi, ukiukanyaga ukuni na kupiga kelele "Changu!" ni wako, na atakayebisha mtaumana. Mimi nilikuwa mdogo wa mwili, niliumwa mara mbili. Mwishowe niliona ncha ya ubao chini ya migomba, mahali ambapo wenzangu waliogopa kuingiza mikono kwa sababu ya nyoka. Nami niliogopa. Ila nilimwogopa mama zaidi siku hiyo, nikaingiza mkono.

Kilitoka polepole. Kilikuwa kizito, bapa, kirefu kunizidi kidogo, na juu palikuwa pamevunjika. Matope yalikuwa yamekiganda pande zote, unene wa kidole. Nilikiburuta mpaka nyumbani nikipumzika kila hatua kumi, na haki ya Mungu, nilikuwa nimejaa majivuno. Nilichukua shoka la baba. Mti ulikuwa mgumu ajabu, shoka liliruka mara ya kwanza likanikosa mguu kidogo tu. Nilipokikata katikati, ndani palikuwa pakavu kabisa, rangi ya asali. Nusu moja nikaiweka chini ya uchaga, nusu nikaisukuma mafigani na kuwasha kwa kiberiti alichokuwa nacho Hawe ndani ya mfuko wa ugoro.

Uliwaka! Mama alipiga kigelegele peke yake. Akabandika sufuria, akatia maji na unga, akaniachia mwiko akaenda kukomba matope chumbani. Harufu ilienea, tamu, ya ajabu katika uvundo ule wote. Hawe, aliyekuwa ameketi nje anamtoa Charo funza, aliinua pua.

"Huu moshi mbona wanukia hivi? Umepata muhuhu wapi wewe?"

"Mtoni, Hawe."

"Mto umekupenda leo."

Mimi nikakoroga. Joto likaanza kuyakausha yale matope ya upande wa kwangu, yakapasuka, yakadondoka kipande kwa kipande. Chini yake nikaona pembetatu. Halafu pembetatu nyingine, zimegeukiana, na ndani yake mabaki ya chokaa nyeupe. Halafu msumari. Kwenye msumari kulikuwa na utepe wa kitambaa chekundu, ukashika moto mbele ya macho yangu, ukaisha.

Naam, nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba yule ni mzee wa watu, ametolewa kwao na maji, na mimi nimemkata kwa shoka na sasa nampikia uji. Alikuwa hajaungua hata robo. Ningemvuta, nikamwita Hawe, nikalia, yangeisha kwa viboko na maombi. Lakini uji ulikuwa umeanza kutokota. Siku tatu hatujala kitu cha moto. Nikamwona mama akija na bakuli mkononi, nami nikaukanyaga ule mti kwa unyayo na kuusukuma ndani ya moto, mpaka zile pembetatu zisionekane.

Tukala. Charo alikula mabakuli mawili na kulamba la tatu.

Asubuhi yake hakuamka. Yaani aliamka, lakini hakulia, na Charo kuamka bila kulia ilikuwa jambo la kuita majirani. Hawe alimgusa kifua akauvuta mkono. Alikuwa wa moto. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatetemeka, na meno yake madogo yanagongana nikayasikia nikiwa nje.

Leo ningewaambia kwamba watoto wengi waliugua baada ya maji yale, kwamba mbu walikuwa wengi mpaka ukiongea wanakuingia mdomoni. Siku zile sikuwa na leo. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nimemchoma mzee wa watu, na mzee amekuja kuchukua haki yake, na amemchukua aliyekula zaidi.

Mama alitaka kumpeleka zahanati. Kati yetu na zahanati kulikuwa na bonde, na bonde lilikuwa bado limejaa maji ya kifuani. Alikwenda akalitazama, akarudi. Akaenda tena jioni, akarudi. Hawe alichemsha mwarobaini, wakamfukiza mtoto, wakamnywesha, akatapika. Siku ya pili akaanza kuweweseka. Alinyoosha kidole kuelekea mafigani akasema, wazi kabisa, "Babu yule aje hapa."

"Babu gani, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Yule. Anasikia baridi."

Mama alimtazama Hawe. Hawe aliondoka pale akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akizungumza na mume wake, akimuuliza kama ni yeye, akimwambia amekwisha mfuta, sasa anataka nini tena. Mimi nilikuwa nimejikunja nyuma ya mlango uliong'oka. Nilitaka kusema. Nikisema watanichukia, nisiposema atakufa. Nilipohakikisha hakuna anayenitazama nilizoa majivu ya mafigani kwa mikono miwili, nikayachimbia shimo chini ya mgomba, nikayaomba radhi kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, kwa kuwa sikujua yule mzee anapenda kipi. Ile nusu iliyobaki chini ya uchaga nilishindwa hata kuitazama. Niliifunika kwa makuti.

Siku ya tatu asubuhi maji ya bondeni yalishuka mpaka kiunoni. Mama hakungoja mtu. Alimfunga Charo mgongoni kwa leso mbili, juu kabisa, kichwa cha mtoto kikilala shingoni kwake kama cha kuku aliyechinjwa, akaniambia nimtii Hawe, akaenda. Nilimwangalia mpaka alipoingia kwenye maji. Hakugeuka nyuma.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limeshapanda tulipoisikia hodi.

Alikuwa mzee wa makamo ya Hawe, mrefu, miguu imefungwa matambara kwa majeraha ya kutembea. Bega moja limebeba kikapu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Karibu, baba," Hawe akasema. "Kiti hakuna, mto umechukua. Keti juu ya kinu, nacho kimebaki kwa sababu ya uzito wake tu."

Mzee akaketi. Akaulizwa habari za huko atokako, akajibu ni njema, kama inavyopasa, kisha akaeleza jinsi zilivyokuwa mbaya. Alikuwa Kombe, wa upande wa juu wa mto. Nyumba imekwenda, mbuzi kumi na wawili wamekwenda. Hayo hakuyalilia. Akakivuta kikapu, akafungua kitambaa cheupe, na ndani yake kulikuwa na kichwa.

Kichwa cha duara, cha mti, kimevunjika shingoni. Kilikuwa na macho mawili ya kutobolewa na mdomo mdogo, na kiliwekwa kinitazame mimi. Hapana, sijui kama kiliwekwa hivyo. Lakini ndivyo kilivyokuwa.

"Huyu ni baba yangu," mzee Kombe akasema. "Kichwa nilikiona siku ya pili, kimenasa kwenye mianzi. Natafuta mwili. Nimefuata mto siku nne, kila nyumba nabisha hodi. Jana wakaniambia kuna nyumba hapa chini iliyonuka muhuhu."

Hawe alitoa ugoro, akauweka kiganjani, hakuuvuta.

"Sikuja kugombana, mama. Aliyemtoa baba nyumbani ni mto, si nyinyi, na kuni zimetushinda wote. Lakini nikirudi nitamwagia tembo la mnazi, nitasema naye. Ataniuliza ni nani aliyemtia motoni. Nikimtajia jina, atamjua. Nisipomtajia atajitafutia mwenyewe, na yeye akijitafutia hachagui. Anamshika aliye karibu. Aghalabu huwa mtoto."

"Na ukimtajia?"

"Atamjia huyo. Leo, mwaka ujao, siku atakayotaka, na akimkuta na mtu ubavuni atamshika naye. Mimi siwezi kumzuia, ni baba yangu."

Nilisikia kitu cha moto kikishuka miguuni mwangu. Nilikuwa nimejikojolea, mtoto wa miaka kumi, mbele ya mgeni. Mkojo ukafanya kidimbwi kwenye matope makavu. Hawe akakitazama kile kidimbwi. Kisha akapandisha macho polepole, miguu, magoti, mikono yangu ambayo ilikuwa bado na weusi wa majivu kwenye kucha, mpaka usoni. Tukatazamana. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," Hawe akasema.

Mzee Kombe akageuka kwake.

"Niliokota ubao, nikaukata, nikapikia. Macho yangu ni ya kizee, sikuona nakshi. Nilipoziona alikuwa amekwisha ungua nusu." Akanigeukia kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kugomba. "Kadzo! Umesimama hapo kama mlingoti wa nini? Kalete kile kipande nilichokwambia ukifiche. Upesi."

Hakuniambia nifiche kitu chochote. Lakini miguu yangu ilikwenda uchagani, nikakifunua, nikakibeba mikononi nikiwa nimefumba macho. Mzee alikipokea. Alikilaza na kichwa juu ya kitambaa, akaacha nafasi katikati, palipopungua kifua, akakaa akiitazama ile nafasi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Mama," akasema, "una hakika? Jina likishatajwa kwake halirudi."

"Nina hakika."

"Jina lako kamili?"

"Kache wa Mwaro. Na ulitamke vizuri, asije akamfuata Kache mwingine. Huku chini tuko watatu."

Alifunga kitambaa, akaaga. Hawe alimsindikiza mpaka penye mkorosho, kama inavyotakiwa kwa mgeni, akarudi. Nilikuwa nimesimama palepale nikingoja kofi. Niliomba kofi. Hakunipiga, wala hakuniuliza lolote, siku hiyo wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

"Kachote maji uoge," aliniambia. "Unanuka."

Mama alirudi siku ya tano. Tulimwona kwa mbali akishuka, na mgongoni kuna kichwa kilichosimama, kinachogeuka huku na huku. Charo alikuwa amedungwa sindano na kupewa vidonge vichungu vya malaria, amekonda vibaya, akijikuna mwili mzima kwa zile dawa, na analia kwa sauti ile ile. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Nilikimbia nikamshika miguu mama nikalia naye, akadhani ni kumkumbuka.

Charo aliteremshwa, akaenda kwa miguu yake mibovu moja kwa moja kwa Hawe, mikono juu abebwe. Hawe akanyoosha kiganja.

"Kaa huko huko. Nenda kwa mamako."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Akasogea tena. Hawe akainuka akaondoka.

Jioni hiyo alihamisha kitanda chake. Jiko letu la nje lilikuwa limebaki fito tupu. Akaliezeka vipande vya makuti, akaingia humo peke yake. Sahani yake akaitenga. Baba alipofika kutoka Marereni na kuisimamisha nyumba upya, alimjengea mamake chumba kizuri, chenye dirisha. Hawe akasema dirisha humletea mafua. Charo alimfuata kwa miezi, akikaa mlangoni pa lile jiko akimwita, na Hawe alimrushia maganda ya muhogo kama anavyofukuzwa kuku. Mwishowe mtoto akaacha kwenda. Majirani walisema maji yamemharibu kichwa bibi wa watu. Mama alisema ni uzee tu. Mimi nilisema, kwa sauti ya chini, kwamba Hawe hatupendi, na kadiri nilivyokua niliacha kulisema kwa sauti ya chini.

Kuhusu mzee Kombe, mimi nilikuwa nimelifunga jambo hilo kwa namna ya mtoto. Hawe alinidanganyia ili nisichapwe, kama wakubwa wanavyofanya wakiwa na moyo mzuri siku moja moja. Charo alipona kwa sindano. Yule mgeni alipata jina, akaenda zake. Nilimshukuru Hawe moyoni kwa ule uongo, kisha nikausahau, nikabaki na Hawe wa maganda ya muhogo.

Alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa. Homa ya siku mbili, akiwa peke yake jikoni mwake; alikataa mtu kuingia kumuuguza, hata mama alimwachia uji mlangoni. Kwenye matanga tulikaa wanawake mkekani, na mama, ambaye alikuwa amevumilia mengi kwa mkwewe, alianza kusema yake huku analia. "Nilimkosea nini mie? Alimpenda huyu Charo kuliko macho yake. Siku ile namleta kutoka zahanati, mtoto amepona, ndiyo siku aliyomkataa. Siku ile ile! Hajamgusa tena mpaka anaingia kaburini."

Shangazi akasema wazee wana mambo yao. Mwingine akapokea, wakaendelea. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na mwili wote umenipoa.

Maana Hawe hakuwa mtu wa kufanya mzaha na wafu. Mimi ndiye niliyekuja kwenda shule, nikafundishwa habari za mbu. Yeye aliamini. Aliamini neno kwa neno kila alichosema mzee Kombe: kwamba aliyetajwa atafuatwa, siku isiyojulikana, na kwamba yule mfu akija humshika na aliye karibu naye. Alipolitamka jina lake juu ya kile kitambaa hakuwa ananiokoa na fimbo ya mama. Alikuwa anakufa mahali pangu, kwa hesabu yake, mchana kweupe, huku akinifokea kwamba nimesimama kama mlingoti. Na baada ya hapo alikuwa na kazi moja iliyobaki, kuhakikisha kwamba siku mgeni wake atakapobisha hodi hatamkuta mtoto yeyote ubavuni mwake.

Alimngoja miaka tisa, peke yake, katika jiko la fito. Na miaka yote hiyo mimi, niliyesukuma ule mti kwa unyayo wangu, nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Hawe hapendi watoto.